Kabla hujatia saini: mtoto akialikwa kwenye utafiti wa dawa ya upungufu wa damu

Mwaka jana, mwezi wa tatu, mama mmoja alitoka kwenye chumba changu na fomu ya ridhaa yenye kurasa kumi na moja. Aliikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga, palepale anapofunga nauli, akaniambia, "Nesi, baba yake yuko dago, kwenye kambi ya wavuvi. Atarudi bamvua likiisha. Mimi peke yangu sitii kidole." Nikamjibu asitie. Mwanawe alikuwa na miaka mitatu na ana selimundu, ugonjwa wa kurithi unaofanya chembe nyekundu za damu zijikunje kama mundu, na fomu ile ilikuwa inamwalika kwenye utafiti wa dawa.

Nimekuwa muuguzi wa kliniki ya damu huku pwani ya Tanga kwa miaka kumi na tatu, na minane kati ya hiyo nimekuwa nikiwasomea wazazi fomu kama ile. Haya ninayaandika kwa ajili ya mzazi, au bibi anayelea mjukuu, au mjamzito, aliyeambiwa "kuna utafiti wa upungufu wa damu, ungependa kushiriki?" akarudi nyumbani usiku na hana wa kumuuliza. Nitayapanga kwa utaratibu ambao ningeufuata mwenyewe kama mtoto angekuwa wangu.

Niseme mapema kwa nini nimelishikilia jambo hili. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi ya utafiti, tulitakiwa kufikisha idadi fulani ya watoto kabla ya Ijumaa. Nilimsomea baba mmoja fomu harakaharaka, naye akawa anaitikia kwa kichwa kila ukurasa, kisha akatia saini. Wiki ya sita akaniuliza chandarua na kadi ya bima vitatoka lini. Alidhani ameandikishwa kwenye mgao. Mwanawe alikuwa ameshatolewa damu mara tatu na kumeza dawa siku arobaini, na baba hajui kwamba ule ni utafiti. Tulikaa naye tukaanza upya ukurasa wa kwanza. Alipoelewa, akamtoa mtoto, na ilikuwa haki yake. Tangu siku ile simwachi mtu atie saini kabla hajanieleza yeye, kwa maneno yake, alichokisikia kutoka kwangu. Muuguzi akikuomba ufanye hivyo, usione anakupima akili. Anajipima yeye kama ameeleza.

Kwanza uliza: ni upungufu upi?

Sote tunasema "damu imepungua" kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Kimashine cha kuchoma kidole kinachukua tone moja, na baada ya muda mfupi kinatoa namba, tuseme 7.4. Hiyo ni hemoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, gramu kwa kila desilita ya damu. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12 ana upungufu, mwanamume chini ya 13, mjamzito chini ya 11, isipokuwa katikati ya ujauzito ambapo mpaka ni 10.5. Chini ya 7 kwa mtoto mdogo au mjamzito ni upungufu mkali. Namba hiyo inakuambia damu imepungua kiasi gani. Haikuambii imepunguzwa na nini.

Benchi la kliniki yetu linaweza kuwa na watoto wanne, wote 7.4. Wa kwanza anashindia uji mtupu na chai ya rangi, na mwili wake umeishiwa madini ya chuma. Wa pili ametoka kuumwa malaria, na vijidudu vimepasua chembe zake nyekundu. Wa tatu anatembea pekupeku shambani, minyoo ya safura imejishikiza kwenye utumbo inamnyonya kidogokidogo. Wa nne ana selimundu, chembe zake zinavunjika mapema tangu alipozaliwa, na kwake yeye 7.4 huenda ndiyo kawaida yake ya siku zote akiwa anacheza mpira. Ukiwapa wote wanne kidonge kimoja, umemtibu mmoja. Na hapo sijawataja wenye thalasemia, ugonjwa mwingine wa kurithi wa hemoglobini, wenye upungufu wa foleti (vitamini ambayo kwenye vidonge huitwa asidi ya foliki) au vitamini B12, wenye figo zilizochoka kutoa homoni inayouamuru uboho ulio ndani ya mifupa utengeneze chembe, wala wale ambao uboho wenyewe umesimama kazi.

Kwa hiyo swali lako la kwanza ni hili: "Mmejuaje kwamba mwanangu ana aina hii?" Jibu zuri lina vipimo ndani yake. Picha kamili ya damu huonyesha ukubwa wa chembe: chuma kikipungua chembe huwa ndogo na zilizopauka, foleti au B12 ikipungua huwa kubwa kupita kiasi. Selimundu huthibitishwa kwa kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini. Malaria na choo hupimwa. Akiba ya chuma hupimwa kwa feritini, na hapa kuna mtego mmoja ambao hata sisi wahudumu unatunasa: mtoto mwenye homa au maambukizi, feritini yake hupanda yenyewe, ghala likaonekana limejaa kumbe ni tupu. Utafiti makini hupima pia kama mwili uko kwenye vita na maambukizi siku hiyohiyo. Ukiambiwa wametumia namba ya kidole peke yake, na dawa inayojaribiwa inalenga aina moja tu ya upungufu, una haki ya kusita.

Yaliyotokea Pemba

Hili la aina nalirudia hadi wenzangu wananichoka, na sababu yake iko kwetu. Nimezaliwa Wete. Nilikuwa msichana wa shule pale utafiti mkubwa wa chuma ulipokuwa ukifanyika kisiwani, na ninakumbuka kidonge kinachoyeyuka kwenye kijiko. Katika nyumba zenye watoto wachanga kilikuwa kitu cha kila siku, kama kuchota maji.

Waliingizwa watoto 24,076, wenye umri wa kuanzia mwezi mmoja hadi miezi 35. Baadhi walipewa chuma na asidi ya foliki, baadhi chuma, foliki na zinki, baadhi kidonge kisicho na dawa. Nia ilikuwa njema kabisa: watoto wengi wa Pemba walikuwa na upungufu wa damu, na chuma ndiyo dawa ambayo kila mtu aliijua. Agosti 2003 makundi ya chuma yakasimamishwa kabla ya wakati. Matokeo yalipochapishwa Januari 2006 yalionyesha kwamba watoto waliopewa chuma na foliki walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufa au kuugua kiasi cha kuhitaji kutibiwa hospitalini. Kwenye kisiwa ambacho wakati ule malaria ilikuwa kali, kuwagawia chuma watoto wote bila kuwachuja kuliwaumiza baadhi yao.

Lakini sikiliza sehemu ya pili, kwa sababu watu wengi wanaishia pale juu. Ndani ya utafiti huohuo kulikuwa na kundi dogo la watoto waliopimwa damu tangu mwanzo na kufuatiliwa kwa karibu, malaria yao ikigunduliwa na kutibiwa. Humo, wale waliokuwa kweli na upungufu wa chuma pamoja na upungufu wa damu walinufaika na chuma. Dawa ni ileile na kisiwa ni kilekile. Tofauti ilikuwa nani anaipata, na kama kuna mtu anayemwangalia.

Siku hizi tunaelewa sehemu ya sababu. Mwili ukiwa na maambukizi, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo hufunga mlango wa chuma utumboni. Mtoto mwenye malaria ukimpa chuma, kingi hakiingii kwenye damu. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ulibadilika baada ya Pemba, na leo unasema kwamba kwenye maeneo ya malaria chuma kwa watoto kiende sambamba na kinga, uchunguzi na matibabu ya malaria. Kwa hiyo ukialikwa kwenye utafiti wowote wa chuma, uwe Muheza, Kilifi au Kigoma, uliza mapema: "Na malaria mtaishughulikiaje?" Kama fomu haina jibu, usitie saini siku hiyo.

Na mtoto wa selimundu usimpe vidonge vya kuongeza damu kwa sababu tu jirani amekushauri. Chembe zake zikivunjika chuma kinabaki mwilini, na kama ameongezewa damu mara nyingi huenda kimeshazidi. Apimwe kwanza.

Wapo walioonyesha jambo hilihili kwa upande wa kuongeza damu. Utafiti wa TRACT, uliofanyika Uganda na Malawi na kuchapishwa 2019, ulilinganisha mililita 20 na mililita 30 za damu kwa kila kilo ya mtoto mwenye upungufu mkali. Ukiwachanganya wote, huoni tofauti. Ukiwatenganisha, watoto wasio na homa walifanya vizuri zaidi kwa 30, wenye homa kwa 20. Kipimajoto cha kwapani kiliamua kiasi cha damu. Mimi nilipousoma nilitoka nje nikasimama kidogo chini ya mwembe.

Dawa inalinganishwa na nini?

Sehemu hii ya fomu ndiyo wazazi huiogopa kuliko zote, kwa sababu ina maneno "bahati nasibu" na "plasebo". Bahati nasibu maana yake ni kwamba mimi, daktari na wewe hatuchagui mtoto aende kundi lipi. Kompyuta au bahasha iliyofungwa ndiyo inapanga. Sababu ni ya haki: tukiruhusiwa kuchagua, tutawapa dawa mpya watoto wenye nguvu au watoto wa tunaowajua, halafu dawa itaonekana nzuri kuliko ilivyo. Plasebo ni kidonge kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani.

"Kwa hiyo mwanangu anaweza kupewa unga mtupu?" Ndiyo, anaweza. Swali linalofuata ndilo la kuuliza: "Akipata hicho, ataendelea na matibabu yake ya kawaida?" Mtoto wa selimundu aendelee na penisilini yake, kinga ya malaria, foliki na chanjo, awe kundi lipi. Plasebo ikija badala ya matibabu yaliyokwisha kuthibitika, simama hapo na udai maelezo.

Mfano ninaoutumia kila mara ni haidroksiyurea, kwa sababu ndiyo dawa ambayo wazazi wengi wa kliniki yetu wameisikia, na wengi wameisikia kama "dawa ya saratani". Ni kweli imeanzia huko. Kwa mgonjwa wa selimundu inatumika kwa dozi inayosimamiwa, na kazi yake kubwa ni kuurudisha mwili kwenye kutengeneza hemoglobini ya uchanga, ile aliyokuwa nayo mtoto tumboni, ambayo haifanyi chembe ijikunje kama mundu. Mwaka 1995 utafiti wa watu wazima 299 nchini Marekani na Kanada ulionyesha kwamba inapunguza vipindi vya maumivu karibu nusu. Mzazi makini angeuliza, na wengine waliuliza: na sisi wa huku kwenye malaria? Dawa inayoshusha chembe nyeupe, haitawafungulia watoto wetu mlango wa malaria?

Hilo halikujibiwa kwa hisia. Kampala, utafiti wa NOHARM ulichukua watoto 208 wenye umri kati ya mwaka mmoja na minne, wengine wakapewa haidroksiyurea na wengine plasebo kwa miezi kumi na miwili. Hapo plasebo ilikuwa na sababu: hakuna aliyekuwa na uhakika kama dawa ni salama kwenye nchi ya malaria. Matokeo ya 2017 yalionyesha malaria haikuongezeka, na matatizo ya selimundu yaliwapata asilimia 45 ya waliopewa dawa, kwa asilimia 69 ya wale wa plasebo.

Halafu kuna REACH, uliofanyika Luanda, Kinshasa, Mbale na Kilifi, watoto 606 wakaanza dawa. Huu haukuwa na kundi la plasebo. Kila mtoto alifuatiliwa kwanza kama miezi miwili bila dawa, kisha akaanza dawa, na hali ya kabla ikalinganishwa na hali ya baada. Matukio ya maumivu yalishuka kutoka 98.3 hadi 44.6 kwa kila watoto 100 wanaofuatiliwa mwaka mmoja. Malaria kutoka 46.9 hadi 22.9. Kuongezewa damu kutoka 43.3 hadi 14.2. Vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Ninazijua namba hizi kwa moyo, maana kila moja inanikumbusha kitanda. Hata hivyo nakuambia wazi kwamba utafiti usio na kundi la kulinganisha una udhaifu wake: mtoto anayeonwa kliniki mara kwa mara hupata nafuu kwa kule kuangaliwa tu. Ukiusoma REACH pamoja na NOHARM, kila mmoja unamzibia mwenzake pengo.

Wanahesabu nini?

Kwenye fomu tafuta sentensi inayosema lengo kuu la utafiti. Ni hemoglobini kupanda, au ni mtoto kulazwa mara chache, kuumwa kidogo, kuishi? Hayo hayalingani.

Vokseloto, iliyouzwa kwa jina la Oxbryta, ilikubaliwa Marekani mwaka 2019 kwa sababu ilipandisha hemoglobini ya wagonjwa wa selimundu. Ilipanda kweli. Matumaini yalikuwa kwamba namba ikipanda, maumivu na madhara yatapungua. Tafiti zikaendelea, na Septemba 2024 kampuni ya Pfizer ikaiondoa dawa hiyo sokoni dunia nzima na kusimamisha tafiti zake, kwa kuwa takwimu zilionyesha vipindi vya maumivu na vifo havikwenda kama ilivyotarajiwa. Nilimweleza mama mmoja habari hii, akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe damu ipande na mtoto aumie?" Sijasikia mtu aliyeieleza vizuri kuliko yeye.

Jibu la "haisaidii" nalo ni la thamani. Wanawake 15,068 wa Pakistani, Nigeria, Tanzania na Zambia, wote wakiwa na upungufu wa damu wa kati au mkali, walishiriki utafiti wa WOMAN-2 wa kuona kama asidi ya traneksamiki, ikitolewa mara baada ya kujifungua, itazuia kutoka damu nyingi. Haikuzuia, na matokeo yakatoka 2023. Dada zetu waliokubali kushiriki wametuokoa tusitumie fedha na sindano mahali zisipofanya kazi, na ninaona wanastahili shukrani sawasawa na wale ambao dawa yao ilishinda.

Damu, vibali, nauli

Pwani hii, mtu akichomeka sindano mkononi mwa mtoto, neno mumiani halichelewi. Mimi silidharau. Mtu anayeuliza damu inakwenda wapi anauliza swali la haki, na jibu lake ni hesabu. Kijiko cha chai ni mililita 5. Mtoto wa kilo 10 ana damu karibu mililita 800 mwilini. Chupa ndogo ya kifuniko cha zambarau tunayojaza mililita 3 ni chini ya nusu ya asilimia moja ya damu yake. Uliza: zitatolewa mililita ngapi kila mara, mara ngapi, na kwa jumla ngapi? Uliza kama sampuli itatunzwa, kwa miaka mingapi, na kama itasafirishwa nje ya nchi au kupimwa vinasaba. Haya yawe na sehemu yake ya kukubali au kukataa, mbali na dawa. Unaweza kukubali dawa ukakataa kutunziwa damu.

Kuhusu vibali, omba kuonyeshwa. Hapa Tanzania Bara utafiti wa dawa unahitaji idhini ya maadili inayopitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Zanzibar ina taasisi yake ya utafiti wa afya. Kenya ni Bodi ya Dawa na Sumu pamoja na kamati ya maadili iliyoidhinishwa. Tafuta pia namba ya usajili wa utafiti: ikianza na PACTR, umesajiliwa kwenye daftari la Afrika. Ikianza na NCT na tarakimu nane, uko kwenye daftari la Marekani. Kijana yeyote mwenye simu nyumbani anaweza kuiandika namba hiyo kwenye intaneti akaona utafiti ni wa nini na nani anaufadhili.

Nauli irudishwe, na muda wako ufidiwe kwa kiasi kinachotajwa kwenye fomu. Kushiriki kusikugharimu hata shilingi. Mtoto akidhurika na dawa, nani anamtibu na nani analipa? Hili liandikwe. Na kuwe na namba ya simu inayopokelewa usiku. Ipige kabla hujatia saini, saa nne usiku, uone kama itapokelewa. Ninawashauri wazazi wote wafanye hivyo, na wakati mwingine anayepokea ni mimi.

Kama husomi, fomu isomwe mbele ya shahidi uliyekuja naye, asiwe mfanyakazi wa utafiti, kisha wewe utie dole gumba na yeye atie saini. Mtoto aliyekwisha kupata akili ya kuelewa naye aulizwe. Nakala moja ya fomu ni yako. Rudi nayo nyumbani.

Mkishaanza

Nunua daftari la kurasa arobaini. Kila siku andika: dawa imemezwa au la, joto, maumivu, choo, kitu chochote kigeni. Kumbukumbu ya mama ni nzuri lakini wiki nne ni nyingi, na daktari atakuuliza tarehe. Dozi iliyosahaulika iandike hivyohivyo ilivyosahaulika. Ukitupa vidonge ili hesabu ilingane, utafiti utasema dawa haifanyi kazi kumbe haikumezwa, na mtoto wa mwenzako ndiye atakayeikosa.

Jifunze mambo mawili kwa mikono yako. La kwanza ni weupe: fungua kiganja cha mtoto pembeni ya kiganja chako mchana kwenye mwanga wa mlangoni, halafu vuta kope la chini utazame ndani. Ukifanya hivyo kila Jumamosi, siku rangi ikibadilika utaiona kabla ya mashine. La pili ni bandama, kwa mtoto wa selimundu. Mlaze chali, magoti ameyakunja. Weka vidole vinne laini chini ya kitovu upande wake wa kushoto, akivuta pumzi sogea polepole kwenda juu kwenye mbavu. Ukigusa ukingo mgumu, pima umbali wake kutoka mbavuni kwa vidole na uandike. Bandama likivimba ghafla, mtoto akawa mweupe na mlegevu, usisubiri siku ya kliniki: linaweza kuwa limekusanya damu yake nyingi humo, na hiyo ni dharura. Homa ya nyuzi 38 nayo kwa mtoto wa selimundu ni ya hospitali siku hiyohiyo, akiwa kwenye utafiti au asiwe.

Ukisikia utafiti umesimamishwa, usikimbilie kudhani dawa imeua. Nyuma ya kila utafiti mkubwa kuna kamati huru inayotazama takwimu njiani. Ilisimamisha chuma Pemba kwa madhara. Kampala, kwenye utafiti mwingine wa haidroksiyurea wa watoto 187, ambao matokeo yake yalitoka 2020, ilisimamisha mapema kwa sababu kundi la dozi inayopandishwa hatua kwa hatua lilikuwa linafanya vizuri mno kuliko la dozi moja isiyobadilika. Uliza umesimamishwa kwa lipi.

Kutoka

Unaweza kutoka siku yoyote, bila kueleza sababu, na matibabu ya kawaida ya mtoto hayapaswi kuguswa. Lakini usitoweke tu. Njoo na chupa ya dawa, useme "tunatoka", mtoto apimwe damu mara ya mwisho ili tujue anaondoka salama, na usimwachie ndugu yake vidonge vilivyobaki.

Yule mama wa pindo la kanga alirudi baada ya siku tisa, safari hii na mumewe, amevaa shati la Ijumaa na mikono bado imekauka chumvi. Fomu ilikuwa imelainika kwenye mikunjo. Walikuwa wameisoma na mwalimu wa madrasa, wakaweka alama za kalamu mahali wasipoelewa. Tulikaa saa moja na nusu. Mwishoni baba akauliza: "Dawa ikimfaa, utafiti ukiisha baada ya miaka miwili, nani atampa?" Nikasoma ukurasa wa tisa pamoja naye. Ulisema matokeo yatawasilishwa kwa mamlaka husika. Akasema, "Hilo si jibu, nesi." Nikamkubalia. Nililiandika swali lake kama alivyolisema, nikalipeleka kwa mtafiti mkuu, na jibu lilirudi baada ya wiki mbili likiahidi miezi sita ya dawa baada ya utafiti kwisha. Baba alisikiliza hadi mwisho, akaona miezi sita haitoshi, wakakataa.

Jumatano iliyofuata walikuwa kwenye foleni ya kawaida, namba kumi na saba. Nilimpima mtoto uzito, kilo 12 na nusu, nikashika bandama lake, halikuwa limeongezeka, nikawapa penisilini ya mwezi mzima na tarehe ya kurudi.